Jicho la Kapteni

Siku ya mwisho ya mwaka 1916 Kapteni Frederick Courteney Selous alitimiza miaka 65. Hakuwa nyumbani kwake Uingereza akiota moto wa Desemba. Alikuwa mstari wa mbele, kwenye mto Mgeta, kaskazini ya Rufiji, pamoja na kombania ya askari wa miguu ambao wengi wao walitosha kuwa wanawe. Septemba ya mwaka huohuo serikali yake ilikuwa imemtunuku DSO, nishani waliyokuwa wakipewa maofisa wa Uingereza kwa kazi iliyotukuka vitani. Januari 4, 1917, aliuawa kwa risasi Beho Beho.

Maelezo ya nishani yenyewe ni mafupi. Yanataja ushujaa, wepesi wa kupata njia penye shida, ustahimilivu, na mfano aliowawekea wakubwa na wadogo kikosini. Hayasemi aliua wangapi. Nimeyapenda kwa sababu hiyo. Ushujaa umetangulizwa kwa kuwa ndiyo desturi ya nishani, lakini yaliyobaki yote ni mambo ya fundi, mtu aliyejifunza kazi yake polepole, akairudia mpaka mwili ukazoea. Kuongoza kombania porini ni ufundi kama ufundi mwingine wowote, una mwanzo wake na daraja zake, na Rufiji ni mahali pazuri pa kuutazama, kwa sababu asiyeujua hukaa huko muda mfupi.

Kabla sijamsifu mtu huyu, niseme la kusema. Selous ndiye aliyewaonyesha njia watu wa Cecil Rhodes mwaka 1890 walipoingia Mashonaland, nchi iliyo leo ndani ya Zimbabwe. Vita alivyokuja kupigana huku havikuwa vyetu. Vilikuwa vya Waingereza na Wajerumani, na waliokufa kwa wingi zaidi ni watu wetu. Wazee wa Rufiji walikuwa wamekwisha kuonja bunduki ya mkoloni miaka 12 nyuma, pale Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliponyongwa Mohoro, Agosti 1905, Maji Maji ikiwa ndiyo kwanza inawaka. Hayo siyafuti. Lakini seremala mzuri husifiwa kazi yake hata kama sanduku alilolichonga lilinunuliwa na mwizi.

Ukishika barabara ya Kilwa kutoka Dar es Salaam, ukiiacha Mkuranga nyuma, unafika Kibiti. Kwa upande wa mashariki wilaya hii inashuka hadi deltani, kwenye mikoko ya Salale na Mbuchi na boti za Nyamisati ziendazo Mafia. Mbele kusini ni Ikwiriri na Daraja la Mkapa. Magharibi kuna njia ya Mkongo na Mloka, inayokwenda hifadhini na kwenye bwawa la umeme la Julius Nyerere. Vita vya 1914 hadi 1918 viliingia Rufiji kwa milango miwili: wa bahari kwanza, wa bara baadaye. Katika milango yote miwili aliyeshinda alikuwa yule aliyeona kabla ya kuonekana.

Mlango wa bahari una kisa kinachojulikana zaidi. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikaingia delta ya Rufiji kujificha na kutengeneza mitambo yake. Mikoko ya delta, hekta zipatazo 53,000, ndiyo pori kubwa kuliko yote ya mikoko iliyoshikana katika Afrika Mashariki. Milango ya mto ni mingi, Simba Uranga, Suninga, Kikunja na mingineyo, na kila mmoja una fungu lake la mchanga na tabia yake maji yanapokupwa. Mabaharia walifunga matawi ya mikoko kwenye milingoti ili meli ionekane kuwa msitu. Vipande vya mtambo vilivyohitaji karakana vilivutwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa, kwa mabega na kamba za mamia ya watu wa pwani hii. Mwishoni mwa Oktoba Waingereza waligundua ilipo. Kuifikia kulikuwa jambo jingine, maana meli zao kubwa zilihitaji maji ambayo delta haina.

Wakahitaji mtu wa kuwaonea. Wakamchukua Philip Pretorius, mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini aliyeijua Rufiji tangu kabla ya vita. Kwa maelezo aliyoyaacha mwenyewe, alikuwa akiingia deltani na wenyeji kwa mtumbwi, gizani, akipima kina cha maji kwa upondo mlango baada ya mlango, akiandika saa za kupwa na kujaa, siku za bamvua na siku za maji mafu. Msomaji aliyezoea sinema za vita anaweza kuona kazi hiyo haina moto. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe. Kukaa ndani ya mtumbwi usiku, mbu wakikumaliza, walinzi wa Kijerumani wakiwa kwenye mahandaki ya ukingoni, na wewe huna la kufanya ila kusubiri maji yashuke ili ujue yameshuka mpaka wapi: hapo anahitajika mtu mwenye subira kuliko mtu mwenye hasira. Tena aliyeshika upondo, aliyejua kwa mguso tofauti ya tope na mchanga, hakuwa Pretorius peke yake. Alikuwa mvuvi au mkata boriti wa deltani ambaye hesabu ya bamvua alirithi kwa baba yake.

Vipimo hivyo vilifanya kazi. Julai 6 na tena Julai 11, 1915, manowari bapa Severn na Mersey, zinazoelea katika kina kisichofika mita mbili, ziliingia mtoni huku ndege zikiangalia juu makombora yanaangukia wapi. Siku ya pili Königsberg ikaisha. Pretorius naye alipata DSO. Wajerumani, ambao ubahili wao katika vita vile unastahili makala yake, waliing'oa mizinga yote kumi ya meli, wakaifungia magurudumu, na mmoja wake ukaja kunguruma hadi Kibata kwenye milima ya Matumbi.

Sasa turudi kwa Selous na mlango wa bara.

Alishuka Afrika Kusini mwaka 1871, kijana wa miaka 19. Mwaka uliofuata Lobengula, mfalme wa Wandebele, alimruhusu kuwinda tembo nchini mwake huku akimcheka kwa udogo wake. Mabonde yenye mbung'o hayaweki farasi, kwa hiyo tembo waliwindwa kwa miguu, na silaha aliyoanza nayo ilikuwa gobori zito la kupakiwa kwa mdomo, ambalo likishalia linamwacha mwenyewe mikono mitupu kwa muda wa kutosha kukanyagwa. Mmoja wa waliomfunza alikuwa mwindaji Mkhoikhoi aliyejulikana kwa jina la Cigar. Masharti ya shule ile hayakuandikwa popote lakini kila msasi wa Rufiji anayatambua: upepo uwe usoni, unyayo uusome umri wake kabla ya ukubwa wake, ulimi utulie, usipige mpaka uone barabara unachokipiga. Waingereza walipomsifu kapteni wao kwa kupata njia penye shida, sehemu ya sifa ile ilikuwa na wenyewe wasiotajwa.

Vita vilipolipuka alijitolea, akakataliwa kwa umri. Mwanzoni mwa 1915 Kanali Driscoll alipounda kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichoitwa Frontiersmen, alimchukua. Kilikuwa kikosi cha ajabu kidogo, wawindaji, watafiti, wazururaji wa mabara yote, umri umechanganyika. Kilitua Mombasa Mei 1915 kikiwa na watu zaidi ya 1,000. Juni kikavuka ziwa Victoria kutoka Kisumu kwenda kuishambulia Bukoba na kuuangusha mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani. Selous alikwenda Bukoba akiwa luteni, na kabla ya Septemba alikuwa kapteni.

Baada ya hapo likaja jambo ambalo vitabu vya ushujaa hulipitia haraka: miezi na miezi ya kutembea. Kutoka mpaka wa Taveta kufuata mto Pangani, Handeni, Lukigura, Morogoro, Kisaki. Jeshi la miguu linatembea siku thelathini ili lipigane saa tatu. Njiani malaria, kuhara damu na funza wa vidoleni viliwaangusha watu ambao risasi haikuwagusa. Kufikia mwisho wa 1916 Frontiersmen walikuwa wamebaki sehemu ndogo ya wale waliotua Mombasa. Selous mwenyewe alirudishwa Uingereza katikati ya mwaka ule kufanyiwa upasuaji. Hapo alikuwa na udhuru wote ambao mwanajeshi anaweza kuutamani: umri, ugonjwa, jina kubwa tayari. Alipopona akarudi kikosini na askari wapya wa kujazia nafasi.

Hapa ndipo ninapouona uongozi wake, kuliko pale penye risasi. Askari aliyechoka hasikilizi hotuba. Anamtazama aliye mbele yake. Kama aliye mbele yake ni mzee mwenye ndevu nyeupe, anabeba bunduki yake mwenyewe, hapandi machela, halalamiki chakula, na jioni wenzake wanapojitupa chini yeye bado anakwenda kukagua walinzi wamekaa wapi, basi kijana wa miaka 25 anaona haya kukaa. Haya ni nguvu kubwa katika jeshi, na ofisa fundi anajua kuitumia bila kumdhalilisha mtu. Angus Buchanan, aliyekuwa naye kikosini na akaandika kitabu baada ya vita, anasimulia jinsi Selous alivyokuwa akitoka na wavu wake baada ya kazi kukamata vipepeo. Wengine wanakisoma kisa hicho kama kichekesho cha mzungu mzee. Sikubaliani. Mtu anayeweza kumtambua kipepeo mmoja kwenye kichaka cha kijani baada ya kutwa ya doria, huyo jicho lake halijalala. Alikuwa akilinoa.

Januari 1, 1917, Jenerali Smuts alianza mashambulizi ya kuwatoa Wajerumani Mgeta na kuwafungia kaskazini ya Rufiji. Mbele ya Waingereza alikuwa Kapteni Ernst Otto na kombania zake za askari weusi. Mpango ulikuwa wa kawaida kwa jeshi lenye watu wengi kuliko adui: brigedi ya Jenerali Sheppard imsukume Otto kutoka mbele, wengine wazunguke wawahi njia ya mtoni. Frontiersmen walipewa kuzunguka ubavuni usiku ili kuikata barabara iliyopita Beho Beho kwenda kivuko cha Kibambawe.

Kuzunguka ubavu usiku ndio mtihani mkubwa wa kapteni wa askari wa miguu, na inafaa tukae hapo kidogo. Kwenye ramani ni mshale uliopinda. Ardhini ni pori la migunga na mikoche, makorongo yaliyokauka, majani marefu kuliko mtu. Barabara huishiki, maana barabara ina macho. Unahitaji kiongozi wa njia ambaye hajipotezi na haogopi kusema "sijui" anapokuwa hajui. Vikombe vya bati vinafungwa visigongane. Kiko na sigara hazipo. Safu inakwenda mmoja nyuma ya mwingine, na hatari yake kubwa ni kukatika: mtu mmoja anasimama kufunga kiatu, aliye nyuma yake anamngoja, na nusu ya kombania inabaki porini bila kujua. Kapteni fundi huwahesabu watu wake kwa kuwagusa bega wanapompita. Maji hayatoshi kamwe. Mwendo ukiwa wa haraka, watu hufika wamechoka hawawezi kulenga; ukiwa wa polepole, jua linakukuta ukiwa wazi. Na ukifika, kazi bado haijaanza. Una dakika chache za mwanga hafifu za kuamua bunduki ya rashasha ikae kilima kipi, nani aangalie upande uliotoka, na nani asubiri bila kupiga hata adui akipita mbele ya pua yake.

Frontiersmen walifika. Asubuhi ya Januari 4 walikutana na askari wa Otto waliokuwa wakirudi nyuma kuelekea mtoni, vita vikawaka kwenye vilima vya Beho Beho. Wajerumani hawakutawanyika kama ilivyotarajiwa. Waliweka walenga shabaha wao kwenye miti na vichaka, na risasi zikaanza kuwapata Waingereza kutoka mahali pasipoonekana. Mwanzo wa vita askari wengi wa Kijerumani walikuwa na bunduki za zamani zilizotoa moshi, na moshi ulimsaliti mpigaji. Kufikia 1917 wengi walikuwa wameshapata bunduki mpya, za meli zilizopenya ulinzi wa Waingereza au za kuteka. Hakuna moshi. Kuna mlio, na mlio porini unadanganya upande.

Selous alisogea mbele na watu wachache kutafuta risasi zinatoka wapi. Aliinua darubini. Akapigwa.

Imekuwa desturi kukieleza kifo hicho kama mwisho uliomfaa mwindaji. Mimi sikipendi kifo cha namna hiyo kupambwa. Nakitazama kama fundi anavyotazama ajali ya kazini. Askari wa kawaida risasi zikizidi ana ruhusa ya kulala chini. Ofisa hana, kwa sababu kombania iliyolala chini bila kuona itauawa ikiwa imelala. Lazima mtu ainue kichwa, atazame, ajue, kisha aseme neno moja la kuwaambia wengine waelekeze wapi. Kuinua kichwa si ujasiri wa kujionyesha, ni kazi. Kwa hilo Selous hakukosea.

Alipokosea, kwa maoni yangu, ni kwingine. Mtu mwenye jicho kama lile huvutwa kuamini kwamba hakuna mwingine wa kumwonea. Miaka arobaini na zaidi alikuwa amejizoeza kuwa ndiye anayeona kwanza, tangu alipokuwa kijana mwenye gobori. Kombania ikawa imeegemea jicho moja, na jicho hilo lilikuwa la mtu wa miaka 65 aliyesimama mahali ambapo luteni au sajini angeweza kusimama. Kapteni bora kabisa ni yule ambaye siku akianguka, watu wake bado wanaona. Hilo ni gumu kuliko kuwa shujaa, na nishani yake haipo.

Kwa upande wa pili wa vilima kulikuwa na ufundi ambao mara chache unatajwa kwa jina zuri: kurudi nyuma. Otto alikuwa na watu wachache, amezungukwa pande mbili, mto mkubwa uko mgongoni. Hata hivyo askari wake walipenya, wakafika Kibambawe, wakavuka Rufiji, na Sheppard alipofika mtoni alikuta daraja limeharibiwa. Kikosi kinachorudi nyuma kikikimbia kimekwisha; kikichelewa kimekwisha pia. Anayebaki nyuma kuziba njia anapaswa kupiga mpaka adui alale chini na kujipanga kwa shambulio kubwa, halafu aondoke kabla shambulio halijaanza, akimwacha adui analivamia korongo tupu. Kisha arudie kwenye kilima kinachofuata. Kuipatia dakika ile moja kwa siku tano mfululizo, watu wakiwa na njaa, kunahitaji nidhamu ambayo haitoki kwa ofisa mmoja Mzungu.

Ilitoka kwa wale wenye vyeo vya ombasha, shaushi, bashaushi na sol, na juu yao efendi, cheo cha juu kuliko vyote ambacho Mwafrika aliweza kukifikia katika jeshi la Wajerumani. Wa kwanza wao waliletwa na kamanda wa Kijerumani Wissmann mwaka 1889, Wasudani na Washangaan kutoka Msumbiji. Baadaye wakaongezeka Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, watu wa kila upande. Hao ndio waliojua askari yupi akipewa mti wa kupanda atalenga na yupi atalala. Kleist Sykes, aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa African Association ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, alipigana upande wa Wajerumani akiwa kijana, na alilelewa nyumbani kwa efendi mmoja, Plantan. Sishangai kwamba mtu aliyepita kwenye malezi yale alijua kupanga watu na kutunza kumbukumbu. Lakini hakuna efendi aliyepewa kombania yake mwenyewe aiongoze vitani. Rangi ilitosha kuwa kikomo.

Na chini ya wote walikuwa wapagazi. Mvua za 1917 zilipoanza Rufiji ilifurika, magari yakazama, na kila kilo ya unga iliyomfikia askari ilibebwa kichwani na mtu ambaye njiani ilibidi ale sehemu ya mzigo wenyewe. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba zaidi ya wapagazi 90,000 wa upande wa Uingereza walikufa katika vita vile, wengi kwa maradhi na njaa. Majeshi yote mawili yalikula mavuno ya bonde: mahindi na mpunga uliolindwa na watu kutoka juu ya madungu dhidi ya nguruwe na viboko, ukaja kuchukuliwa na majeshi. Smuts aliondoka Januari hiyohiyo akidai kazi imekaribia kwisha. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimu amri Novemba 25, 1918, karibu miaka miwili baadaye, akiwa Abercorn, Zambia ya leo.

Nimejiuliza kama ufundi huu ulibaki kwetu au ulikwenda na wenyewe. Jibu liko Lukaya, Uganda, usiku wa Machi 10 kuamkia 11, 1979, katika vita vya Tanzania dhidi ya Idi Amin. Brigedi ya 201 ya JWTZ ilikuwa imetawanywa na mashambulizi ya Waganda na Walibya kwenye barabara ya Kampala, katika kinamasi. Divisheni ya 20 ilikuwa mikononi mwa David Musuguri, mtoto wa Butiama aliyeingia King's African Rifles mwaka 1942 akianzia chini kabisa. Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa ikaamriwa kuzunguka ubavu usiku na kuikata barabara nyuma ya adui. Alfajiri ikashambulia kutoka upande huo, huku 201 iliyokusanywa upya ikisukuma kutoka mbele, na mashambulizi yale yakavunjika. Ni mpango uleule wa Beho Beho: mmoja anasukuma, mwingine anazunguka. Tofauti ni kwamba safari hii mlango wa nyuma ulifungwa kweli, na aliyetoa amri ni mtu ambaye katika jeshi la Wajerumani asingepita cheo cha efendi. Musuguri alipanda hadi kuwa Jenerali na Mkuu wa Majeshi, na alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104.

Selous alizikwa palepale Beho Beho pamoja na wenzake wa kikosi. Mwaka 1922 Waingereza waliipa hifadhi jina lake, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya hifadhi hiyo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Jina limepungua kwenye ramani, kaburi halijaguswa, na nadhani vyote viwili ni sawa.

Ukibahatika kufika huko kwa njia ya Kibiti na Mloka, mwongoza watalii atakupeleka kaburini, utapiga picha yako. Usiishie hapo. Mwombe akupandishe kwenye kilima cha jirani, uitazame nchi inavyoshuka kuelekea mtoni, halafu jiulize wewe ungeiweka wapi bunduki ya rashasha, na ungemweka nani juu ya mti. Askari wa Otto walijibu swali hilo vizuri kuliko Waingereza, ndiyo maana walipita.